Tanki la vepu la kujazia juisi: namna ya kuchagua, kulifunga lisivuje, na kusuka koili mwenyewe

#1 Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu.

Naleta uzi huu kwa ndugu zetu wanaotaka kuachana na fegi, hasa tulioko huku Uingereza, maana tangu tarehe 1 Juni 2025 zile vepu (sigara za kielektroniki) za kutupa zilipopigwa marufuku kuuzwa, watu wamehamia kwenye matanki ya kujazia juisi na hawana wa kuwaelekeza. Unaingia dukani, kijana anakupa boksi na chupa ya juisi, yaani kile kimiminika kinachogeuka mvuke, yenye picha ya embe, basi. Ukifika nyumbani linakuvujia mfukoni, ukivuta unapata ladha ya pamba iliyoungua, wiki haijaisha mtu kalitupia kabatini na pakiti ya sigara imerudi mezani. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mara nyingi tanki lenyewe zima kabisa, ila siyo la mtu yule.

Nitangulize hili: kama huvuti sigara, usianze na vepu. Nikotini inashika, haijali imekuja kwa moshi au kwa mvuke. Na juisi yenye nikotini ni sumu ikinywewa, kwa hiyo nyumba yenye watoto chupa zikae juu na zifungwe, ikikumwagikia mkononi nawa hapohapo.

Sasa twende kwenye mada. Wengi wanaanza kwa kuuliza tanki gani zuri, na mimi nasema swali la kwanza ni unavutaje. Mvuta sigara wa kawaida anakusanya moshi mdomoni kwanza, anatulia kidogo, ndiyo anaushusha kifuani. Mvuta shisha hana hiyo habari, anavuta moja kwa moja mpaka kifuani, pumzi ndefu, mvuke mwingi. Matanki nayo yametengenezwa kwa namna hizo mbili na ukichanganya ndiyo unateseka.

Ukiwa mtu wa kuvuta mdomoni kwanza, unahitaji tanki lenye tundu dogo la hewa, lile linalokupa ukinzani kama unavuta sigara kweli, koili (ule waya wenye pamba unaochemsha juisi) ya kuanzia omu 1 hadi 1.8 hivi, omu ni kipimo cha ukinzani wa waya, wati 10 mpaka 15 zinakutosha, juisi ya nusu kwa nusu, yaani nusu PG iliyo nyepesi na nusu VG iliyo nzito, na nikotini ya kutosha, mg 12 hadi 20 kwa mililita kama ulikuwa unamaliza pakiti kwa siku. Ukiwa wa kuvuta kifuani moja kwa moja, tundu la hewa ni pana, koili ni ya omu 0.15 hadi 0.5, wati zinapanda 40, 60, hata 80, juisi ni nzito yenye VG asilimia 70, na nikotini inashuka mpaka mg 3 hivi kwa sababu kila pumzi inabeba mvuke mwingi sana.

Ukichukua juisi ya mg 20 ukaitia kwenye tanki la kifuani, pumzi mbili tu kichwa kinazunguka, kifua kinakaba, kichefuchefu. Ukigeuza ukatia mg 3 kwenye tanki la mdomoni, utanyonya siku nzima kama mtoto na hamu ya fegi iko palepale. Hawa wa pili ndio wanaorudi kwenye sigara na kusema vepu haifanyi kazi.

Kuna utafiti ulitoka 2019 huku Uingereza, ulifanyika kwenye huduma za kuacha sigara za NHS, yaani hospitali za serikali, watu 886. Kundi moja wakapewa vepu ya kujazia pamoja na chupa ya juisi ya mg 18, kundi lingine wakachagua bidhaa za nikotini kama viraka na pipi za kutafuna, na wote walipewa mshauri. Baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya kundi la vepu walikuwa wameacha sigara, na kundi la pili asilimia 9.9. Angalieni hapo, ni vepu ya kujazia, na nikotini mg 18, siyo 3. Na niseme yote, katika wale waliofanikiwa kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavepu mwaka ulipoisha. Kwa hiyo wameachana na moshi, nikotini bado wanayo, hiyo ni safari nyingine ya kupunguza taratibu.

Ushauri wangu kwa anayetoka kwenye fegi: anza na tanki la kuvuta mdomoni lenye koili ya kununua. Majina yaliyokaa sokoni muda mrefu ni Nautilus ya Aspire na Zenith ya Innokin, koili zake zinapatikana bila shida na hilo ni jambo kubwa kuliko umbo la tanki. Tanki zuri ambalo koili zake hazipatikani mtaani kwako ni kioo cha kupamba meza.

Nitaendelea na namna ya kulifunga. Naomba mniachie nafasi kidogo.

#2 Mleta uzi

Tanki ukilitoa kwenye boksi usilijaze. Lifungue lote kwanza, ulijue. Chini kabisa kuna kitako chenye meno ya 510, hayo ndiyo yanayoingia kwenye betri na ni kipimo kilekile karibu kwa kila kifaa, kwa hiyo tanki la kampuni hii linakaa kwenye betri ya kampuni ile. Kwenye kitako kuna kipete cha kuzungusha cha hewa. Juu yake inakaa koili, kisha bomba la katikati linalopandisha mvuke, kioo kinalizunguka, halafu kifuniko na mdomo wa kuvutia. Kila sehemu inapokutana na nyingine kuna oringi, kile kipete cha raba. Zihesabu, zitazame zote. Oringi iliyokatika au iliyojikunja ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ya kuvuja.

Vyuma vinatoka kiwandani na mafuta ya mashine. Osha vyote isipokuwa koili, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza vizuri, acha vikauke kabisa. Koili ya kununua haioshwi, ina pamba ndani.

Sasa koili yenyewe. Ukiitazama ubavuni ina vitundu vidogo ambamo pamba nyeupe inaonekana. Dondosha tone moja la juisi kwenye kila kitundu, subiri linywewe, rudia mpaka pamba ibadilike rangi, ionekane imelowa. Halafu tone moja au mawili kwa juu, ndani ya lile tundu la katikati. Usijaze tundu hilo, ukijaza itakurukia mdomoni. Kazi hii inachukua dakika mbili tu, na ukiiruka unachoma koili mpya kwa pumzi ya kwanza, ikishaungua haiponi, hata uiloweke wiki nzima.

Funga koili kwenye kitako kwa vidole tu, ikigota acha, usitafute plaia. Rudisha kioo na bomba. Funga kipete cha hewa kabisa kabla ya kujaza, halafu mimina juisi pembeni ya bomba la katikati, usimimine ndani ya bomba lenyewe, na uache nafasi ndogo ya hewa juu. Funga kifuniko, geuza tanki chini juu, ndipo ufungue hewa, kisha lisimamishe. Sasa liache dakika 10. Kama una haraka vuta mara tatu nne bila kubonyeza kitufe, itasaidia kuvuta juisi iingie kwenye pamba.

Ubavuni mwa koili pameandikwa omu na wati zake. Koili ya omu 1.8 ya Nautilus kwa mfano imeandikwa wati 10 hadi 14. Anza na ile ya chini, vuta kidogo, panda nusu wati nusu wati mpaka ladha ikae. Hakuna sababu ya kuruka juu siku ya kwanza.

#3 Mdau

Mkuu naweka kambi hapa. Swali, kwa nini matanki ya huku yote ni ml 2? Nilikuwa na la 5 nililonunua Dubai, linakaa siku mbili.

#4 Mleta uzi

Ni sheria mkuu. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2014, namba 2014/40, lililoanza kutumika Mei 2016, na Uingereza ilibaki na masharti hayo hata baada ya kutoka kwenye Umoja. Tanki lisizidi ml 2, chupa ya juisi yenye nikotini isizidi ml 10, na nikotini isizidi mg 20 kwa mililita.

Ndiyo maana unaona zile chupa kubwa za ml 60 zimejazwa 50 tu na hazina nikotini. Unanunua kichupa cha nikotini cha ml 10 chenye mg 18, unakimimina chote humo, unatikisa. Hesabu yake ni rahisi, 10 mara 18 ni 180, gawanya kwa 60 unapata mg 3. Kwa hiyo chupa zile ni za watu wa kuvuta kifuani. Mtu wa mdomoni anayehitaji mg 12 au 18 asizinunue kwa kuvutiwa na bei, hata akitia vichupa viwili hafiki. Yeye anunue vile vya ml 10 vilivyochanganywa tayari.

Na kuna suala la mfuko. Serikali ya Uingereza imepanga ushuru wa pauni 2.20 kwa kila ml 10 za juisi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, yenye nikotini na isiyo na nikotini sawa. Mtu wa mdomoni kwa wati 12 anatumia juisi kidogo sana kwa siku, yule wa wati 70 anamaliza tanki la ml 2 kabla chai haijapoa. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima utaona wapi pesa inakwenda.

#5 Mdau wa Nairobi

Boss asante kwa elimu. Mimi langu linavuja kila asubuhi, nikiamka kuna juisi imezunguka kitako na nyingine imeingia kwenye betri. Nimebadilisha koili mara mingi, bado. Shida ni nini?

#6 Mleta uzi

Kaka hapa ngoja nieleze kwa urefu kidogo, maana ukielewa jambo hili utakuwa fundi wa tanki lolote.

Aliyewahi kufuga vifaranga anaijua ile drinka, chupa iliyogeuzwa juu ya kisahani. Maji hayamwagiki kwa sababu juu ya chupa hakuna pa hewa kuingilia, maji yanapungua kisahanini, kipovu kinapanda, maji kidogo yanashuka, yanasimama tena. Toboa chupa juu kwa sindano uone, yote yanashuka. Tanki ni hivyohivyo. Juisi haivuji kwa sababu juu pamefungwa, na njia pekee ya hewa kuingia ni kupitia pamba ya koili. Unapovuta, pamba inatoa juisi, kipovu kidogo kinapanda ndani ya tanki, juisi nyingine inaingia kwenye pamba. Ukiona vile vipovu vinapanda kila baada ya pumzi ujue tanki linafanya kazi.

Kwa hiyo tanki likivuja kwa chini, tatizo mara nyingi liko JUU. Watu wanakazana na kitako kumbe oringi ya kifuniko imekatika, au kioo kina ufa mwembamba usioonekana, au kifuniko hakijafungwa sawasawa. Hewa inaingia juu, juisi inashuka chini. Anza hapo.

Ya pili ni pamba. Kama pamba haijazi matundu vizuri, au koili imezeeka pamba imelegea, hewa inapita ovyo na juisi inapita ovyo.

Ya tatu ni juisi nyepesi kwenye koili yenye matundu makubwa. Juisi ya nusu kwa nusu ni nyepesi, inapita haraka, inafaa kwa koili ndogo. Ukiitia kwenye koili ya kifuani yenye madirisha makubwa inazidi uwezo wa pamba, inamwagika kwenye tundu la hewa. Na kinyume chake, VG 80 kwenye koili ndogo ya mdomoni haifiki kwa wakati, pamba inakauka, unavuta moto.

Ya nne, na naona ndiyo yako, ni joto. Unasema asubuhi. Tanki likilala usiku kwenye baridi na likapata joto la chumba au jua la dirishani, hewa iliyomo juu ya juisi inapanuka na kuisukuma juisi itoke chini. Tanki lililojaa nusu linavuja zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu lina hewa nyingi ya kupanuka. Usiku lisimamishe wima, funga hewa, liweke mbali na dirisha na hita.

Na ile juisi iliyoingia kwenye betri, toa tanki, futa meno ya 510 na kile kidude cha katikati kwa karatasi kavu, usiwashe kifaa mpaka pakauke.

#7 Mdau wa Nairobi

Umenipata. Nimetoa kifuniko, oringi moja imekatika kama nusu hivi, ilikuwa imejificha kwenye meno. Kwenye boksi kulikuwa na za akiba na sikujua ni za nini. Shukran sana.

#8 Dada wa Zanzibar

Assalam aleikum. Mimi nauliza kwa ajili ya mume wangu, yuko Bristol, anaacha sigara. Juisi za matunda hazimpendezi, anasema zote zina sukari. Je naweza kumtilia matone ya mafuta ya karafuu au mdalasini ndani ya juisi isiyo na ladha?

#9 Mleta uzi

Waaleikum salaam dada yangu. Hapana, na naomba kila anayesoma asimame hapa. Mafuta ya aina yoyote hayaingii kwenye tanki. Siyo ya karafuu, siyo ya nazi, siyo ya habat soda, siyo mafuta ya bangi. Juisi ya vepu inatengenezwa kwa vimiminika viwili, PG na VG, ambavyo vyote vinachanganyika na maji. Mafuta hayachanganyiki na maji, na mapafu hayana namna ya kuyashughulikia.

Mwaka 2019 kule Marekani watu walianza kujaa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu uliopewa jina la EVALI. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa zaidi ya wagonjwa 2,800 na vifo 68. Kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta, iliyokuwa inachanganywa kwenye vepu za bangi, nyingi za mtaani. Watu walikuwa wanaona ni vitamini tu, inapakwa hata usoni. Kwenye ngozi sawa, kwenye mapafu ni balaa.

Mumeo mtafutie juisi za ladha ya tumbaku au mnanaa zilizochanganywa tayari na zenye lebo kamili. Na hiyo sukari anayolalamikia mara nyingi ni kiongeza utamu, ndicho hichohicho kinachoganda kwenye koili ikawa nyeusi mapema. Juisi za tumbaku zisizo na utamu zitamdumishia koili muda mrefu zaidi. Mungu amsaidie aache, na wewe kwa kumsaidia.

#10 Mdau

Mkuu umesema kwenye kichwa cha habari kusuka koili. Tunasubiri hapo.

#11 Mleta uzi

Haya, hapa ndipo ninapopapenda.

Kuna matanki yasiyotumia koili ya kununua, unasuka mwenyewe, maarufu ni kama Kayfun ya Wajerumani wa SvoëMesto kwa wa mdomoni, na Zeus ya GeekVape kwa wa kifuani. Ndani kuna kisahani kidogo chenye nguzo mbili na skrubu zake, unafunga waya wako, unapitisha pamba yako. Gharama yake ni senti tu kwa koili, waya wa mita 10 utakuweka muda mrefu sana. Lakini nasisitiza, huku uje ukiwa umeshaacha sigara na mikono imeshatulia. Aliyetoka kwenye fegi jana asianze na bisibisi.

Vifaa: bisibisi ndogo, kibano chenye ncha za kauri, mkasi mdogo mkali, kijiti cha chuma cha mm 2.5 cha kuzungushia, waya na pamba. Kifaa chako cha betri kiwe kinaonyesha omu.

Waya wa kuanzia ni Kanthal A1 wa mm 0.32, madukani wanauita geji 28. Huo una takriban omu 18 kwa mita. Ukiuzungusha kwenye kijiti cha mm 2.5, kila mzunguko unakula milimita 9 hivi, yaani kama omu 0.16. Kwa hiyo mizunguko 6 ni karibu omu 0.96, ukijumlisha vimiguu viwili vinavyokwenda kwenye skrubu unafika omu 1 na kidogo. Hapo kwa wati 12 hadi 14 unapata uvutaji wa mdomoni safi kabisa. Ukitaka omu 1.3 zungusha 8.

Zungusha ukiwa umeuvuta waya ukaze, mizunguko ikae bega kwa bega. Ingiza miguu kwenye nguzo, mmoja kila upande, kaza skrubu taratibu, ukizidisha nguvu waya unakatika kwenye kichwa cha skrubu. Acha kijiti ndani unapokaza ili koili isipinde. Ikae katikati ya kisahani na juu kidogo ya tundu la hewa, isiguse nguzo wala ukuta wa kile kikombe cha kuifunika, ikigusa ni shoti. Kata mabaki ya waya karibu kabisa na skrubu.

Weka kwenye betri, soma omu. Kama namba inacheza, mara 1.0 mara 1.4, skrubu haijakaza. Kama inasoma karibu na sifuri, kuna mahali waya unagusa chuma, usibonyeze. Ikitulia weka wati 10, bonyeza sekunde moja uachie, rudia. Unatafuta koili iwake kuanzia KATIKATI ikienda pembeni. Ikiwaka pembeni kwanza au mzunguko mmoja ukawa mwekundu peke yake, achia kitufe, ibane kwa kibano cha kauri, ikwangue juu taratibu, bonyeza tena. Hii ni kwa waya za Kanthal, Ni80 na chuma cha pua SS316L. Nikeli tupu na titani usiziwashe mpaka ziwe nyekundu hata kidogo.

Sasa pamba, na hapa ndipo koili nzuri zinapoharibiwa. Iwe pamba tupu isiyo na dawa wala marashi. Isokote ncha, ipitishe ndani ya koili, halafu ivute huku na huku. Inatakiwa ipite kwa ukinzani kidogo bila kuikunja wala kuisogeza koili. Ikiteleza bila kugusa ni ndogo, utavuta moto. Ikivuta koili mpaka inapinda ni nyingi, juisi haitapita katikati.

Kata mikia yote miwili kwa urefu wa kufika chini ya kisahani. Halafu chukua ncha ya bisibisi uichambue mikia hiyo, ipunguze unene, uondoe nyuzi zilizolegea. Sehemu iliyo ndani ya koili inabaki nene, mikia inakuwa myepesi. Ilaze kwenye zile njia za juisi ijaze njia bila kuishindilia. Njia ikibaki wazi tanki linavuja, ikishindiliwa pamba inakauka. Lowesha pamba yote kwa juisi mpaka ing'ae, bonyeza kidogo uone mvuke unatoka pande zote mbili sawa, ndipo ufunge kikombe, kioo na ujaze.

Ukiona imekuwa ngumu, badilisha pamba tu, waya uache palepale. Tofauti ya milimita moja ya pamba inabadilisha kila kitu.

#12 Mdau wa Kigamboni

Hapo kwenye betri sijaelewa. Kuna jamaa ananiuzia betri 18650, zile za duara za kuchaji, imeandikwa 9900 mAh bei chee. Nichukue?

#13 Mleta uzi

Usichukue kaka, mAh ni kiasi cha umeme betri inachotunza, na hakuna betri ya 18650 yenye 9900 mAh duniani. Namba hiyo imechapishwa kwenye karatasi ya plastiki tu, ndani hujui kuna nini. Betri halisi kama Samsung 25R ni 2500 mAh na inatoa ampia 20, hicho cha ampia ndicho cha kuangalia.

Kwa mvutaji wa mdomoni mzigo ni mdogo, wati 12 zinavuta kama ampia 4 tu. Lakini kwa wati 60 kwenye betri moja iliyoanza kuisha unapita ampia 18, hapo betri feki inachemka. Na vile vifaa visivyo na kompyuta ndani, koili ya omu 0.2 kwenye betri iliyojaa volti 4.2 inavuta ampia 21. Hivyo vifaa mimi simshauri mtu yeyote.

Betri ya akiba isikae mfukoni na funguo au sarafu, iwe kwenye kikasha chake. Ganda lake la plastiki likichubuka usiitumie mpaka livalishwe jipya. Na tumia chaja ya maana, usiiache inachaji umelala.

#14 Mdau

Nafunga safari mwezi ujao, London kwenda Entebbe, narudi kupitia Muscat. Tanki nibebeje kwenye ndege?

#15 Mleta uzi

Mkuu, kwa safari hiyo liache nyumbani. Uganda kwa sheria yao ya tumbaku ya 2015 wamekataza kuingiza na kuuza vepu kabisa, na Oman nako biashara yake ni marufuku. Usijiingize kwenye mahojiano ya forodha kwa ajili ya tanki la pauni 20. Chukua viraka au pipi za nikotini za duka la dawa, zikushikilie mpaka urudi, usije ukarudia fegi ukiwa huko.

Kwa wengine wanaokwenda nchi zinazoruhusu: vepu na betri zinakaa kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo wa chini ya ndege zimekatazwa tangu 2015. Kifaa kizimwe kabisa, betri za akiba kwenye vikasha, juisi pamoja na vimiminika vyako vingine. Na tanki limwage kabla ya kupanda. Ndege ikipaa shinikizo la hewa ndani ya ndege linapungua, hewa iliyomo kwenye tanki inapanuka na kusukuma juisi nje, ni kisa kilekile nilichomweleza kaka wa Nairobi. Ukitua, lowesha pamba upya, jaza, subiri dakika 10.